Kura ya Shija

Kila Ijumaa saa nane mchana, kengele ya Shule ya Msingi Mtangala ikishalia mara ya pili, wajumbe sita wa Baraza la Wanafunzi huingia darasa la tano, hupanga madawati kwa mviringo na kuanza kujadili mambo ya shule. Aliyelianzisha baraza hilo ni Mwalimu Gwakisa, mwalimu wa Uraia na Maadili aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Mbeya. Yeye huwaita wajumbe wake "waheshimiwa" bila kutabasamu hata kidogo. Nao hujikausha kana kwamba wamezoea, ila wakitoka nje hucheka mpaka machozi yawatoke.

Kila mjumbe huwakilisha kitongoji kimoja. Uchaguzi hufanyika Januari, na kura ni korosho. Mwanafunzi hupewa korosho moja ghafi, yenye ganda lake, halafu huzunguka nyuma ya darasa ambako vyungu vya wagombea vimepangwa, akaidondosha katika chungu cha yule anayemtaka. Korosho zikishahesabiwa hurudishwa stoo, maana ni mali ya shule. Hakuna mtoto wa Mtangala anayehitaji kuambiwa kwamba korosho yenye ganda haiumwi kwa meno. Hilo wanalijua tangu wakiwa wanatambaa, kwa kuwa mafuta ya ganda lile huunguza mdomo kama moto.

Lakini Januari mwaka huu alikuwepo mtoto mmoja asiyelijua. Shija wa darasa la tatu alikuwa amefika na wazazi wake wafugaji kutoka Shinyanga miezi michache tu nyuma, na korosho aliyoijua yeye ilikuwa ile nyeupe ya kwenye pakiti. Alipopewa yake kwenye foleni, alidhani ni zawadi ya uchaguzi, akaing'ata. Midomo ilimvimba, akapakwa mafuta ya nazi na mpishi, na korosho ile iliyong'atwa ikatupwa. Shule nzima ilicheka kwa wiki mbili, na aliyecheka zaidi ni Semeni, binti wa darasa la saba aliyekuwa akigombea Kitongoji cha Korongoni, kitongoji chake Shija. Semeni alishinda kwa korosho arobaini na moja. Ya Shija haikuwemo.

Huo ulikuwa ushindi wake wa pili. Mwaka wa kwanza, akiwa darasa la sita, Semeni alikuwa mjumbe wa kupigiwa mfano. Alidai kamba mpya ya kisima mpaka ikaja. Aliwafuata wasichana wadogo nyumba kwa nyumba kuwauliza shida zao, na hakukosa kikao hata siku aliyoumwa jino. Kanuni ya baraza, hata hivyo, inasema mjumbe huchaguliwa mara mbili tu, basi. Zaidi ya hapo, Septemba angefanya mtihani wa kumaliza shule aondoke zake. Korosho arobaini na moja zilipokwisha kuhesabiwa, kitu fulani ndani ya Semeni kilikaa kitako kupumzika.

Alianza kwa kuchelewa. Kisha akakosa kikao kimoja, cha pili, na cha tatu. Ijumaa saa nane wenzake wakiingia darasa la tano, yeye alikuwa uwanjani akicheza rede na wasichana wa darasa la saba, amefunga sketi kiunoni, anakwepa mpira huku akipiga kelele. Rafiki yake Valeria, mjumbe wa Kitongoji cha Mnazini, alimfuata Ijumaa moja kumkumbusha. Semeni hakuacha hata kuruka.

"Valeria, mimi sichaguliwi tena," alisema. "Hata nikiwaletea maji ya bomba darasani, nani atanipa korosho? Niache nicheze."

Ijumaa hiyo hiyo, katikati ya mvua za Machi, baraza lilijadili uji. Uji wa saa nne ulikuwa ukiisha kabla foleni haijaisha, na wa nyuma walikuwa wakiambulia ukoko. Swalehe, mjumbe wa Kitongoji cha Sokoni, kijana mwenye sauti nene na hoja nyingi, alipendekeza kwamba mwanafunzi anayefika shuleni baada ya kengele ya asubuhi asipewe uji siku hiyo. Kura zikapigwa kwenye makopo mawili. Korosho tatu zilikutwa kwenye kopo la ndiyo na mbili kwenye kopo la hapana. Kanuni ilipita.

Jumatatu Semeni alikuwa amesimama kwenye foleni na kikombe chake cha bati, akisimulia jambo la kuchekesha, aliposikia kiranja wa zamu akimwambia mtu atoke. Aligeuka akamwona Shija. Sketi yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani na miguu imejaa tope jekundu. Mtoto hakubisha wala hakulia. Alitoka kwenye foleni, akaenda kisimani, akajaza kikombe maji, akanywa, akajaza tena, akanywa. Semeni alimfuata kumuuliza kwa nini amekatazwa uji.

"Nimechelewa, dada. Korongo limejaa, tunazunguka mbali," Shija alijibu. "Wamesema Baraza limekataza."

"Baraza gani hilo?"

Shija alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jina la shule yake mwenyewe. "Si lako, dada Semeni?"

Mchana Semeni alikwenda ofisini kwa Mwalimu Gwakisa kuuliza kanuni ile ilipitaje. Mwalimu hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimfungulia daftari la mihtasari akamwonyesha mstari mmoja: Semeni, Korongoni, hayupo, hakutoa taarifa. Kisha akamkumbusha jambo ambalo Semeni mwenyewe ndiye aliyelipendekeza mwaka uliopita, kwamba kura zikilingana, hoja imeanguka. Angekuwepo yeye zingekuwa tatu kwa tatu.

Jumanne Shija hakuja shule. Jumatano hakuja, wala watoto wengine wanne wa wafugaji. Alhamisi habari zikafika kwamba Malimi, baba yake Shija, amesema hatamtembeza mtoto saa nzima kwenye matope ili akanyimwe uji. Atauza ng'ombe wawili kwenye mnada wa Ruangwa, kisha ahamishe familia Matambarale kwa ndugu zake. Huko shule ilikuwa mbali zaidi, na kila mtu alijua maana yake: Shija angebaki nyumbani kuchunga. Ijumaa kikao cha Baraza kiliahirishwa kwa ajili ya mtihani wa majaribio, na Semeni alijikuta akikihitaji kikao kile kuliko wakati wowote ule. Usiku hakulala vizuri. Aliona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kujificha hata akiwa peke yake.

Jumamosi asubuhi alimkuta babu yake, Mzee Bwanali, uani akipiga pampu baiskeli. Babu alikuwa diwani wao kwa miaka kumi. Mwaka jana alitangaza mbele ya watu kwamba magoti yamechoka na hatagombea tena, uchaguzi ujao wampe mwingine. Watu wakasema basi, diwani ameshastaafu. Lakini muda wake ulikuwa haujaisha, na Babu alikuwa bado anahangaika na baiskeli yake vijijini, tena kuliko zamani.

"Mke wangu, umeninunia?" Babu alimtania kama kawaida yake. "Au umepata mchumba mwenye pikipiki?"

Siku nyingine Semeni angemjibu kwamba mume mwenye magoti mabovu hamtaki. Leo alikaa chini akamweleza yote, rede, kikao, uji, mpaka Matambarale. Mwishoni akamuuliza swali lililokuwa likimsumbua: yeye Babu naye hachaguliwi tena, mbona hajaacha kazi?

Babu aliacha kupiga pampu. Alisema kuacha kunatamanisha, hasa asubuhi ya mvua. Halafu akasema jambo ambalo Semeni hakulitegemea.

"Wewe umekosa wiki chache, mjukuu wangu. Mimi nimekosa miaka saba. Wafugaji walipoanza kuhamia ng'ambo ya korongo nilijua panahitajika kivuko. Sikusema. Wakulima wetu wana hasira na ng'ombe, na wakulima ndio wengi. Nilihesabu kura, nikanyamaza. Kesho kwenye mkutano wa kijiji nitasema. Njoo usikilize."

Mkutano ulifanyika Jumapili alasiri mbele ya ghala la korosho. Babu alisimama na kofia yake mkononi. Alisema kwamba Alhamisi kitakaa kikao cha madiwani mjini Nachingwea, na yeye anataka kupeleka ombi la kivuko cha miguu kwenye korongo. Halmashauri ikitoa fundi na saruji, kijiji kitoe mawe na nguvu. Minong'ono ilianza hata kabla hajamaliza. Eusebio, mkulima ambaye ufuta wake uliliwa na ng'ombe mwaka jana, alisimama akiwa amekunja uso.

"Mzee Bwanali, ungekuwa bado unazitaka kura zetu, ungethubutu kutuambia maneno haya?"

Semeni alishika mikono yake kwa nguvu, akimwogopea babu yake.

"Nisingethubutu," alijibu Babu. "Umesema kweli, Eusebio. Ningezitaka kura zako ningekuambia ufuta wako ni mzuri kuliko wa wote, nikakaa chini. Nimefanya hivyo miaka saba na ninaomba radhi. Ufuta wako ulilipiwa fidia, au hukulipwa? Ulilipwa. Na shamba lako la mbaazi liko wapi? Ng'ambo. Mkeo anavukaje na mzigo kichwani?"

Mke wa Eusebio, aliyekuwa ameketi upande wa wanawake, alidakia kwamba anavuka na maji ya kifuani na mbaazi zikilowa hasara ni ya mumewe pia. Kicheko kilichotoka hapo kilimaliza ubishi kuliko hotuba. Hata Eusebio alijikuta anacheka akiwa bado amekunja uso, jambo ambalo si rahisi. Mikono ilipoinuliwa kukubali, wake ulichelewa kidogo lakini ukapanda.

Baada ya mkutano Babu na mjukuu wake walizunguka korongo kwenda kwa Malimi. Semeni alikuwa amewahi kufika huko mara moja tu, siku za kampeni, mvua zikiwa bado hazijakolea. Sasa njia ilipita kwenye majaruba ya mpunga, ikapanda kilima, ikashuka kwenye tope lililomvua viatu mara tatu. Ilimchukua zaidi ya saa nzima, na yeye ana miguu ya miaka kumi na mitatu. Njia nzima alifikiria miguu ya Shija.

Malimi aliwapokea vizuri, akawapa viti na maziwa mgando. Semeni alimwamkia, akamwambia waziwazi kwamba kanuni ile ilipita kwa sababu yeye hakuwepo alipotakiwa kuwepo. Akaomba apewe mpaka Jumatano. Malimi alimtazama Babu, akamtazama binti, akasema ng'ombe watasubiri mnada wa wiki inayofuata. Kisha akasema, kwa nia njema tu, kwamba kesho atampa Shija ndoo ya maziwa ayapeleke kwa wale wajumbe wengine, wapate kulainika. Semeni alikataa kwa adabu.

"Asante, baba. Kama ni maziwa, yaje baada ya kura. Yakija kabla, hatutajua tumepigia kura nini."

Babu alikohoa akageuza uso upande wa zizi, na Semeni alijua anacheka.

Kuitisha kikao cha dharura kulihitaji wajumbe wawili, naye Valeria alikubali kabla hata hajamaliza kuombwa. Kugeuza kanuni kulihitaji kura nne. Tatu zilikuwepo, pamoja na yake. Ya nne ingetoka kwa mmoja wa wale waliosema ndiyo, kwa hiyo Jumatatu alimwendea Swalehe mwenyewe. Swalehe hakuwa mtu mbaya. Alisema watoto wa Sokoni ndio wengi na ndio wanaokaa nyuma ya foleni, akauliza kama Semeni anataka walambe sufuria mpaka lini. Badala ya kulazimisha, siku iliyofuata Semeni alikwenda jikoni saa nne akasimama karibu na mpishi, akahesabu vikombe.

Jumatano mchana wajumbe wote sita walikuwepo. Semeni alisimama mbele ya watu aliowazoea.

"Waheshimiwa, jana nimehesabu vikombe. Waliochelewa walikuwa saba. Hata tukiwanyima wote, wa nyuma hawashibi. Waliorudi kuongezewa kabla foleni haijaisha walikuwa ishirini na wawili, wote darasa la saba. Mimi kwa kawaida ni mmoja wao. Nimekuwa nikinywa viwili tangu Januari."

Swalehe alikuna kichwa, akaangalia dari, akaangalia chini.

"Mimi vitatu," alisema.

Hata Mwalimu Gwakisa, ambaye hajawahi kutabasamu kikaoni, alilazimika kujifanya anatafuta chaki. Semeni alipendekeza kanuni mpya: kila mwanafunzi upawa mmoja, aliyechelewa na aliyewahi, na hakuna kuongezewa mpaka wa mwisho apate. Makopo yalizungushwa. Zilipomwagwa mezani, korosho za ndiyo zilikuwa sita na kopo la pili lilikuwa tupu kabisa. Valeria alipiga kigelegele, Swalehe akapiga meza, na Semeni alilia kidogo kwa furaha halafu akajifanya ameingiwa na vumbi jichoni.

Ijumaa, kama saa nne kasorobo, watoto watano wenye miguu ya tope waliingia uwanjani. Nyuma yao Malimi alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa. Kura ilishapigwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuyakataa. Siku ile Mtangala walikunywa uji wa maziwa, kila mtu upawa mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyerudi kabla ya mwenzake, ulibaki wa kutosha kumwongeza kila mtu nusu. Swalehe alisimama wa mwisho kwenye foleni makusudi ili aonekane, na kweli alionekana.

Wakati huo huo Mzee Bwanali akafika na baiskeli yake, anahema, uso umemng'aa. Alikuwa amelala Nachingwea baada ya kikao. Aliwaambia walimu kwamba madiwani wamekubali: fundi atakuja mvua zikipungua, na Eusebio ameshaanza kusomba mawe bila kuambiwa.

Shija alikuja pale Semeni aliposimama na babu yake. Alifungua kiganja. Ndani yake palikuwa na korosho moja ghafi, nzima, haina alama ya jino.

"Dada, hii ni kura yangu. Ile ya Januari niliing'ata."

Semeni alicheka, akapiga magoti ili walingane. Alimweleza kwamba uchaguzi ulishapita, vyungu vimerudi stoo, na yeye hawezi kuchaguliwa tena hata shule nzima ikitaka.

"Najua," alisema Shija. "Mimi sikuchagui. Nakupa tu."

Semeni aliipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema asante. Lakini Shija hakusubiri, alikuwa ameshakimbilia rede, ambako wasichana wakubwa walikuwa wakimwita aingie.

"Miaka kumi," alinung'unika Babu, "nimepata kura mamia kwa mamia. Hakuna hata mmoja aliyeniletea ya namna hiyo. Ningekuwa na wivu, ningekunyang'anya."

Kisha akaweka mkono begani kwa mjukuu wake, na utani ukamtoka sautini.

"Sikiliza, Semeni. Mtu akijua kwamba hachaguliwi tena, ndipo tabia yake inapoonekana. Mmoja atalala, kwa sababu hakuna wa kumwamsha. Mwingine atasema ukweli, kwa sababu hakuna wa kumtisha. Wewe ulilala ukaamka mapema. Mimi nilikuwa mwoga nikachelewa sana. Vizuri zaidi ni kufanya kazi vilevile siku zote, kura ikiwepo na isipokuwepo, kwa sababu wale watu waliokutuma bado wapo. Mtoto bado anavuka korongo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Babu."

Kengele ya kurudi darasani ililia. Semeni alifuta mikono, akaiweka korosho ya Shija kwenye mfuko wa sketi, akaufunga kifungo. Saa nane mchana kulikuwa na kikao cha kawaida, na ajenda ya kwanza ilikuwa kamba ya kisima, iliyoanza kukatika tena. Alifika saa nane kasorobo, akakuta darasa halina mtu, akaanza kupanga madawati.